Ligi ya Kadi na Dadu: Uigaji Unaodumu Darasani

Miongoni mwa mbinu zinazosisitizwa katika mafunzo ya ualimu, mbinu ya uigaji hutajwa mara kwa mara, na aghalabu hutajwa kwa sifa. Mwalimu mwanafunzi huelezwa ya kwamba darasa likiigiza soko, baraza la kijiji au kesi mahakamani, mwanafunzi atayaelewa mambo hayo zaidi kuliko akisomewa habari zake kitabuni. Hatuna ugomvi na rai hiyo. Linalotukera ni jinsi uigaji wenyewe unavyofanywa, kwani huanza kengele inapolia na kufa kengele inapolia tena. Soko hufunguliwa dakika ya tano ya kipindi, maboksi matupu huuzwa na kununuliwa, mkaguzi huandika neno zuri katika daftari lake, na kesho yake hakuna anayekumbuka ni nani aliyepata faida wala ni nani aliyefilisika. Makala haya yanakusudia kutetea uigaji wa namna nyingine, yaani ule unaodumu. Mfano tutakaoutumia unatoka mbali. Ni ligi za besiboli za kuigiza ambazo marafiki nchini Marekani huziendesha kwa kadi na dadu, na ambazo baadhi yake zimedumu kwa miongo kadhaa.

Kwa kuwa besiboli haichezwi sana kwetu, hapana budi tueleze kidogo, ingawa jirani zetu wa Uganda walikwisha kuuzoea mchezo huu hata timu ya vijana wa Lugazi ikashiriki mashindano ya dunia ya watoto huko Pennsylvania mwaka 2012. Mrushaji wa timu moja humtupia mpira mpigaji wa timu nyingine, naye mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga vema hukimbia kuelekea kituo cha kwanza, na mchezaji akivizunguka vituo vyote vinne timu yake hupata pointi. Kanuni nyingine ni nyingi, nasi tunaziacha. Lililo kubwa kwa hoja yetu ni kwamba mchezo huu umekatika vipande. Soka hutiririka kama maji, na ni vigumu kusema shambulio moja limeishia wapi na jingine limeanzia wapi. Katika besiboli kila pambano la mrushaji na mpigaji lina mwanzo wake na mwisho wake, na mwisho huo huandikwa. Tangu karne ya 19 mwandishi wa habari Henry Chadwick alikuwa akichapisha katika magazeti ya New York majedwali ya hesabu za wachezaji. Mchezo uliohesabiwa hivyo kwa zaidi ya karne nzima huweza kugeuzwa kuwa kadi.

Nao uligeuzwa. Mwaka 1930 Clifford Van Beek alitoa mchezo ambao ndani yake kila mchezaji wa kweli alikuwa na kadi yake, na matokeo yalipatikana kwa kutupa dadu. Kijana mmoja wa mji wa Lancaster, Pennsylvania, J. Richard Seitz, aliucheza pamoja na rafiki zake wakaunda ligi yao. Mchezo wa Van Beek ulipotoweka madukani, Seitz aliendelea kuunda kadi zake mwenyewe, na mwaka 1951 akaanza kuziuza kwa jina la APBA. Mwaka 1941 Ethan Allen, aliyekuwa mchezaji wa ligi kuu, alitoa mchezo wake uliotumia visahani vya duara na mshale unaozunguka. Mwaka 1961 Hal Richman, ambaye alianza kubuni mchezo wake akiwa mvulana wa miaka 11, aliuza kadi za kwanza za Strat-O-Matic. Twaomba msomaji aitazame kwa makini habari ya Seitz. Ligi ya marafiki ilitangulia, biashara ikafuata.

Sasa tuangalie hesabu iliyomo katika kadi ya Richman, kwa maana hapo ndipo mwalimu wa hisabati anapopaswa kuvuta kiti. Hutupwa dadu tatu. Ya kwanza huamua kadi na safu itakayosomwa: ikionyesha 1, 2 au 3 husomwa safu ya namba hiyo katika kadi ya mpigaji, na ikionyesha 4, 5 au 6 husomwa katika kadi ya mrushaji. Dadu mbili zilizobaki hujumlishwa, na jumla yake, kuanzia 2 hadi 12, huonyesha mstari wa kusoma. Mwanafunzi asiyefikiri atadhani mistari yote 11 ina haki sawa. Haina. Jumla ya 2 hupatikana kwa njia moja tu, jumla ya 7 kwa njia sita, na njia zote ni 36. Tukizidisha kwa safu sita tunapata njia 216. Kwa hiyo mtengeneza kadi akiandika pigo kubwa la kuvuka uzio mbele ya 7 katika safu moja ya mpigaji, amempa mpigaji huyo nafasi 6 katika 216, yaani moja katika 36. Akiliandika mbele ya 2, amempa nafasi moja katika 216. Kadi ndogo isiyozidi kiganja cha mkono imebeba msimu mzima wa mtu, na mwanafunzi akiweza kuisoma amekwisha kujifunza nusu ya sura ya uwezekano pasipo kuandikiwa fomyula ubaoni.

Nusu ya pili haipatikani kwa mchezo mmoja, na hiki ndicho kiini cha hoja yetu. Tuseme mpigaji wetu mwenye 7 anapata zamu 600 kwa msimu. Tukiacha yale yatokayo katika kadi za warushaji, tutatazamia apige mapigo makubwa 17 hivi. Je, atapiga 17? Katika misimu miwili kati ya mitatu hesabu yake itaangukia baina ya 13 na 20. Mara chache atapata pungufu ya 9, na mara chache atazidi 24. Kadi haikubadilika hata nukta moja. Mwenye timu aliyemwona akipiga 25 atamwita shujaa, na yule aliyempokea mwaka uliofuata akapata 10 atasema ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na wote wawili watakuwa wanazungumzia bahati wakidhani wanazungumzia mtu. Katika kipindi cha dakika 40 jambo hili halionekani kabisa, kwa sababu mpigaji hupata zamu nne au tano tu. Huonekana msimu unapokwisha, na huaminika misimu inapokuwa mingi.

Timu nazo ni vivyo hivyo. Ligi kuu ya Marekani hucheza mechi 162 kwa msimu, na marafiki wengi hujitahidi kufuata idadi hiyo. Timu yenye nguvu ya wastani kamili, ambayo nafasi yake ya kushinda kila mechi ni nusu, inatazamiwa kushinda 81. Hesabu hutuambia kwamba karibu msimu mmoja katika 20 itashinda pungufu ya 69 au zaidi ya 93. Hapo fikirini timu mbili zilizo sawa kabisa, moja imepata 72 na nyingine 90. Wenye timu hizo watakapokutana, mmoja atatoa mawaidha juu ya bidii na mipango mizuri, na mwingine atasikiliza kwa aibu.

Jinsi ligi hizi zinavyoendeshwa ni habari yenyewe. Marafiki kumi au kumi na wawili hugawana wachezaji, kila mmoja akawa mwenye timu. Kila mwaka, baada ya msimu wa kweli kumalizika, kadi mpya hutolewa kwa hesabu za msimu huo. Wachezaji chipukizi huteuliwa kwa zamu, na timu iliyoshika mkia hutangulia kuchagua. Wenye timu hubadilishana wachezaji, hutunza majedwali, huandika taarifa. Mmoja wao hushika kazi ya kamishna, kazi isiyo na malipo na yenye lawama tele. Mechi moja ya dadu huchukua yapata nusu saa, kwa hiyo mwenye timu wa msimu kamili hukaa mezani saa zipatazo 80. Tangu miaka ya 1980 kompyuta imeweza kufanya kazi hiyo kwa muda mfupi sana, na wako waliohamia huko. Sisi hatuwalaumu, ila tunaona kwamba kwa madhumuni ya kufundisha, mkono unaotupa dadu mara elfu hujua jambo ambalo jicho linalosoma jumla halilijui.

Tatizo lililotuvutia zaidi ni la umbali. Marafiki hawakai mahali pamoja daima. Mmoja hupata kazi mji mwingine, mwingine huoa akahama. Ligi nyingi zilitatua jambo hili kwa posta. Mwenye uwanja wa nyumbani hucheza mechi peke yake, akitupa dadu kwa niaba yake na kwa niaba ya mgeni wake. Mgeni hutuma barua ya maagizo: mrushaji fulani aanze, akichoka aingie fulani, tukiwa nyuma kwa pointi moja mwishoni, mpigaji huyu ampokee yule. Naye mwenyeji, akiwa peke yake chumbani usiku, hapana shahidi, hutupa dadu inayomnyima ushindi, kisha huandika matokeo hayo kwa mkono wake na kuyapeleka posta. Ligi nzima imesimama juu ya kitendo hicho. Tunawafundisha walimu wanafunzi namna ya kusimamia mtihani ili mtu asiibe, na ni lazima tufanye hivyo. Lakini ni wapi katika muhtasari wetu tunapompa mwanafunzi nafasi ya kuandika, bila kutazamwa, hesabu inayomuumiza mwenyewe?

Mwandishi Robert Coover, katika riwaya yake ya mwaka 1968 kuhusu Henry Waugh, mtunza hesabu mwenye ligi ya dadu aliyoibuni na kuicheza peke yake, ameonyesha upande wa giza wa mchezo huu. Dadu inamuua mchezaji kijana anayependwa na Waugh, naye Waugh hawezi kuvumilia. Anaiingilia dadu kwa makusudi, na tangu hapo mpaka baina ya meza na dunia unafifia. Wapo wanaokitaja kitabu hicho kama onyo dhidi ya michezo ya namna hii. Kwa maoni yetu onyo lake ni dhidi ya upweke. Katika ligi ya marafiki, aliyeibadili dadu angekuwa amewaibia watu kumi na mmoja wenye majina na anwani.

Kanuni za ligi hizi hazikushuka kutoka juu. Kila kanuni ina kisa chake. Mathalani, mchezaji aliyepata zamu 20 tu katika msimu wa kweli na akafaulu mara 10, kadi yake itaonyesha mtu wa ajabu asiyepata kutokea duniani. Mwenye timu mjanja humchezesha kila siku. Ndipo wenzake hukutana na kupitisha kwamba hakuna mchezaji atakayetumiwa kupita kiasi alichotumiwa kwa kweli. Katika kanuni hiyo moja limo somo zima la takwimu juu ya hatari ya sampuli ndogo, nao wameligundua kwa kuumizwa nalo. Kadhalika, kwa kuwa timu ya mwisho hutangulia kuchagua chipukizi, hutokea mtu akaona faida kushindwa. Timu yake hupoteza mechi mwezi baada ya mwezi, naye hatabasamu wala hakasiriki. Baadhi ya ligi huweka idadi ya chini ya ushindi, na asiyeifikia hurudishwa nyuma katika foleni. Nyingine hupiga kura ya bahati baina ya timu za chini. Kila dawa huleta ugonjwa wake mdogo, na katiba ya ligi ya miaka 30 husomeka kama katiba ya chama cha ushirika, yenye vifungu vilivyofutwa na vifungu vya kufuta vifungu. Mwalimu wa uraia anayetaka wanafunzi waelewe kwa nini sheria hutungwa hatapata zana nzuri kuliko kuwaacha waishi chini ya sheria yao mbovu kwa muhula mmoja.

Tuliahidi kusema linalotukera, na bado hatujafika. Walimu ni watu wa kupanga watu kwa namba. Mwanafunzi wa kwanza, wa pili, wa arobaini; shule ya kwanza, shule ya mwisho. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka maendeleo ya mwanafunzi yapimwe kwa kazi zake za siku zote na si kwa mtihani wa mwisho pekee, na tangu hapo tathmini endelevu imeingia katika shule zetu. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilieleza kwamba halitatangaza tena orodha ya shule bora na watahiniwa bora. Hatua hizo ni nzuri. Lakini mazoea yamebaki ndani yetu. Shule yenye watahiniwa 30 ikipanda kutoka ufaulu wa 18 hadi 22, mwalimu mkuu hupongezwa. Mwaka unaofuata ikishuka hadi 17, huitwa kujieleza. Mtu aliyewahi kuendesha timu ya kadi kwa misimu mitano angeuliza kwanza: je, mabadiliko haya yanazidi yale ambayo dadu ingeyaleta yenyewe? Katika mfano huu hayazidi sana. Hatusemi kwamba juhudi za mwalimu si kitu, la hasha. Twasema kwamba mwaka mmoja ni ushahidi hafifu, na kwamba ni vigumu mno kumfanya mwalimu aamini hivyo kwa fomyula. Pengine ataamini kwa kuwa aliwahi kushika mkia na timu nzuri.

Wapo watakaosema dadu ni kamari, na kamari haina nafasi chuoni. Hoja hii haifai kupuuzwa, hasa katika siku hizi ambapo vijana hupoteza fedha zao kwa kubashiri matokeo ya soka katika simu. Kamari ni kuweka mali juu ya jambo la bahati. Mahali pasipo na mali pana bahati tupu, na bahati ndiyo mada ya somo letu. Isitoshe, kijana aliyeona kwa macho yake jinsi timu mbili sawa zinavyotofautiana kwa ushindi 18 atakuwa mgumu kudanganywa na mtu anayedai kujua mshindi wa Jumamosi. Wengine watauliza kwa nini tusitumie bao, mchezo wetu wenyewe. Bao ni mchezo mkubwa wa akili na tunaupenda, lakini kete zikishapangwa bao halina bahati ndani yake. Hufundisha kuona mbele, wala halifundishi uwezekano.

Besiboli yenyewe si lazima. Kinachotakiwa ni mchezo uliokatika vipande vinavyohesabika, na katika vyuo vyetu mchezo huo tunao: mpira wa pete. Wafungaji katika kila timu ni wawili tu, na kila mtupo wao huishia ndani au nje. Wanachuo wawili wakae kando ya uwanja na daftari, waandike mitupo ya kila mfungaji katika mechi za muhula wa kwanza. Tuseme mfungaji fulani amefunga 60 katika mitupo 100. Dadu mbili za rangi tofauti zisomwe moja kama makumi na nyingine kama mamoja, ili tupate matokeo 36 yenye haki sawa, kutoka 11 hadi 66. Sitini kwa mia ya 36 ni karibu 22. Basi katika kadi yake namba zote kuanzia 11 hadi 44 ziandikwe kuwa ndani, ambazo ni 22, na 14 zilizosalia ziwe nje. Mahali pasipo na dadu, karatasi sita zenye namba 1 hadi 6 katika kikombe zatosha, mradi ile iliyotolewa irudishwe kabla ya kutoa ya pili. Wakisahau kuirudisha, 11, 22 na wenzao hawatatokea kamwe, na mkufunzi asiwaambie mpaka walalamike wenyewe.

Timu sita zatosha kwa kuanzia. Kadi zitengenezwe upya kila muhula kwa hesabu mpya, katiba isizidi ukurasa mmoja, na kamishna achaguliwe na wenye timu bila mkufunzi kupendekeza jina. Mechi zichezwe nje ya vipindi. Ndani ya vipindi yasomwe majedwali. Wanachuo wa mwaka wa pili wamalizapo, timu zao zirithiwe na wa mwaka wa kwanza pamoja na madeni na ahadi za mabadilishano zilizoandikwa. Na daftari la matokeo likae maktaba, katika kabati lenye ufunguo, wala si ofisini kwa mkufunzi, kwa sababu wakufunzi huhamishwa.